Maswali ya Wasomaji: Kumpandia Maua Mtoto Aliyetutoka

Barua za wazazi na jamaa waliofiwa na watoto zimekuwa nyingi kiasi kwamba tumeamua kuitenga safu hii nzima kwa ajili yao. Waandishi wote wameuliza, kila mmoja kwa namna yake, kuhusu kupanda maua kwa ajili ya mtoto aliyefariki. Barua tumezifupisha, na majina yote tumeyahifadhi.

Mpendwa Mshauri,

Mwanangu wa kiume alifariki mwaka juzi kwa maradhi, akiwa na umri wa miaka 9. Kaburi lake tunalitunza, lakini kila ninapokwenda pale ninakumbuka siku ya mazishi tu. Yeye mwenyewe ninamwona kwenye kijia cha kwenda shuleni, katika ua wa bibi yake alikokuwa akishinda siku za likizo, na katika uwanja ulio kando ya mto alikocheza mpira na wenzake. Nimekusudia kupanda maua katika kila mojawapo ya sehemu hizo. Ndugu zangu hawapendezwi na jambo hili. Wananiambia kwamba ninajitonesha kidonda, na kwamba marehemu aachwe apumzike. Nami nina hofu ambayo sijamwambia mtu: maua hayo yakikauka, je, haitakuwa kama nimefiwa mara ya pili?

*Mama Mfiwa*

Makiwa, dada yangu. Nianze na ndugu zako, kwa sababu neno lao ndilo linalokuzuia kuchukua jembe. Wanasema hivyo kwa kukupenda, na kwa muda mrefu hata wataalamu wa mambo ya nafsi walifikiri kama wao. Mwaka 1917 Sigmund Freud, daktari wa mambo ya nafsi wa Austria, alichapisha insha iliyoeleza kwamba kazi ya maombolezo ni kuuondoa moyo hatua kwa hatua kwa yule aliyekufa, hadi uwe huru kupenda tena. Miaka mitatu baadaye binti yake, Sophie, alifariki. Mwaka 1929, siku ambayo binti huyo angetimiza miaka 36, Freud alimwandikia rafiki yake aliyekuwa amefiwa na mwana, na katika barua hiyo alikiri kwamba pengo la namna hiyo halizibwi na chochote, na kwamba ndivyo inavyopasa kuwa, kwa kuwa hiyo ndiyo njia ya kuuendeleza upendo ambao mtu hataki kuuacha. Mwaka 1996 watafiti watatu wa Marekani, Dennis Klass, Phyllis Silverman na Steven Nickman, walihariri kitabu kilichoonyesha kwamba wafiwa wengi hawamwachi marehemu nyuma, bali huendelea kuwa na uhusiano naye ulio wa namna nyingine, na kwamba uhusiano huo si ugonjwa. Kwa hiyo waambie ndugu zako, kwa upole, kwamba hujitoneshi kidonda. Wewe ni mama unayeendelea kumlea mwanao kwa njia pekee iliyobaki mikononi mwako.

Nami naona umechagua vizuri. Wafiwa wengi huelekeza juhudi zote kaburini au mahali mtoto alipofia, na sehemu alizozipenda zikabaki za kukwepwa, hata njia ya kila siku ikageuka kuwa mateso. Mche mdogo unaopandwa mahali alipocheka unampa mama sababu ya kupita tena pale.

Hata hivyo, usianze na sehemu zote tatu kwa pamoja. Anza na ua wa bibi yake. Pale huhitaji kibali cha mtu mwingine, na yupo wa kuutazama mche katika majuma ya kwanza, ambayo ndiyo yenye hatari kubwa, kwa kuwa mizizi bado ni mifupi na udongo wa juu hukauka upesi. Kijia cha shuleni kina mwenyewe, hata kama kinaonekana hakina mtu. Uliza ardhi ile iko chini ya nani, ueleze shabaha yako, na uahidi mmea mfupi usioziba njia wala kuwachoma miiba watoto wanaopita. Ukikataliwa, omba kona ndani ya uwanja wa shule. Uwanja wa kando ya mto ndio unaohitaji tahadhari zaidi. Ikiwa uko ndani ya hifadhi, yaelekea sheria inakataza kuingiza mmea wowote kutoka nje, na sheria hiyo ina haki yake: magugu maji, yenye maua ya zambarau yanayopendeza sana, yalitolewa Amerika ya Kusini na kusambazwa duniani kama pambo, nayo leo yameziba maziwa na mito katika mabara kadhaa. Lantana nayo ilianza kama ua la bustani kabla ya kuvamia mashamba na misitu. Kando ya mto, basi, panda ua linaloota hapo hapo kwa asili, na ulipande juu ya kiwango ambacho maji hufikia yanapofurika.

Sasa nije kwenye hofu yako, ambayo nadhani ndiyo swali lenyewe. Mmea hufa. Ukimfunga mwanao kwenye mche mmoja, ukaupa jina lake na kuuona kuwa ndiye yeye, basi kiangazi kimoja au mbuzi mmoja anaweza kukurudisha kwenye siku ile ya msiba. Namna ya kujikinga ni kuchagua mmea unaoweza kuzidishwa, na kuuzidisha mapema kabla haujapatwa na jambo. Mwaridi unafaa sana. Mbegu za waridi mara nyingi hazitoi ua linalofanana na mzazi wake, lakini mche unaotokana na kipande cha shina ni mwaridi ule ule, wenye ua lile lile na harufu ile ile. Chagua tawi lililokwisha kutoa ua, lisilo changa sana wala gumu kama kuni, la unene wa penseli. Kata kipande cha sentimita 15 hivi, kwa kisu kikali, chini kidogo ya jicho, yaani pale jani linapochomozea. Ondoa majani yote ya chini na ubakize mawili au matatu ya juu, kisha uchomeke nusu ya kipande ndani ya chungu chenye udongo uliochanganywa na mchanga, ukiangalia macho yaelekee juu. Weka chungu kivulini, na udongo uwe na unyevu bila kutota. Baada ya majuma kadhaa kivute taratibu sana kwa vidole viwili: kikikataa kutoka, kimeshika mizizi. Tengeneza vipande vingi, kwa sababu vingine havitashika, na hilo ni la kawaida hata kwa wakulima stadi. Mche wa kwanza ukikua kwa bibi yake, huo ndio utakaokupa miche ya shuleni, na siku ile wa shuleni ukifa, mama yake bado yupo.

Tena usiwahi kuung'oa mwaridi uliokauka matawi. Kwaruza gome kwa ukucha karibu na ardhi. Ukiona rangi ya kijani chini yake, mmea u hai. Katika mji wa Hildesheim, Ujerumani, kuna mwaridi wa kale sana unaopanda ukuta wa kanisa kuu. Mabomu ya Machi 1945 yaliliteketeza kanisa, na mmea uliokuwa juu ya ardhi ukaungua wote. Lakini mizizi ilikuwa imehifadhika chini ya kifusi, na machipukizi yakatokea mwaka huo huo.

Ndugu Mshauri,

Binti yetu alizama majini mwaka jana akiwa na miaka 4. Mke wangu amepanda maua mbele ya mlango wa nyumba, na kila jioni hukaa pale hadi giza linaingia. Mimi siwezi hata kuyatazama, na siku hizi ninapitia mlango wa nyuma. Yeye ananiambia kwamba nimemsahau mtoto. Ninaogopa kumwomba ayaondoe, na ninaogopa pia kwamba hali yake si ya kawaida.

*Baba Mwenye Majonzi*

Pole sana, kaka. Hujamsahau binti yako. Mtu aliyesahau hahitaji kuzunguka nyumba ili asione ua. Watafiti wa Uholanzi, Margaret Stroebe na Henk Schut, walieleza mwaka 1999 kwamba mfiwa huenda na kurudi kati ya mambo mawili: kuukabili msiba wenyewe, na kujiweka mbali nao kwa muda ili ashughulikie maisha yanayoendelea. Yote mawili yanahitajika. Taabu hutokea ndani ya nyumba kwa sababu mume na mke hawaendi na kurudi kwa wakati mmoja, na kila mmoja akimtazama mwenzake huona kasoro: huyu anadhani yule hajali, na yule anadhani huyu amezama.

Mwambie mkeo jambo lile lile uliloniandikia mimi, kwamba unapitia mlango wa nyuma kwa sababu yale maua yanakuchoma moyo. Yawezekana halijui hilo. Usimwombe ayaondoe, mwombe mkae pamoja mtafute mahali pengine palipo penu wote wawili, kwa sababu mlango wa mbele ni mahali ambapo mtu hana hiari ya kupita au kutopita, na kumbukumbu ya mtoto isilazimishwe kwa yeyote kila anapotoka kwenda kazini. Ubavuni mwa nyumba panaweza kufaa, au chini ya mti ambao mtoto alipenda kuuchezea. Mkikubaliana kuihamisha miche, fanyeni hivyo jioni jua likiwa limepoa, mmwagilie maji kwanza, mchimbe mbali na shina ili mizizi itoke na bonge lake la udongo, na mpande mara moja katika shimo lililokwisha kuandaliwa. Hapo ndipo penye nafasi yako. Wako wanaume wengi wasioweza kuketi mbele ya ua wakalia, lakini wanaweza kuchimba shimo, kujenga ukingo wa mawe, kubeba ndoo za maji na kupalilia, na kazi hiyo ni maombolezo kamili kama machozi yalivyo maombolezo.

Kuhusu hofu yako ya pili, kuketi bustanini kila jioni si dalili ya ugonjwa. Ni kweli kwamba Shirika la Afya Duniani, katika orodha yake ya magonjwa iliyoanza kutumika mwaka 2022, linatambua huzuni ya msiba iliyorefuka kuwa hali inayohitaji tiba, pale inapodumu kwa nguvu ile ile kwa zaidi ya miezi 6 na kumzuia mtu kuendesha maisha yake. Wataalamu wa Marekani wao hungoja miezi 12 kwa mtu mzima. Tazama basi saa zake nyingine. Je, anakula na kulala? Anaweza kuwahudumia watoto wengine, ikiwa wapo? Anakubali kuzungumza na watu? Kama hapana, nendeni kwa daktari au mshauri nasaha. Na kama amewahi kusema kwamba anatamani kumfuata mtoto, usingoje kesho. Usimwache peke yake, na mtafutieni msaada siku hiyo hiyo.

Mpendwa Mshauri,

Mwanangu alifia tumboni mimba ikiwa ya miezi saba. Sikuoneshwa kaburi, na sina mahali popote ambapo naweza kusema aliwahi kufika. Watu wananiambia nitapata mwingine. Je, mtu kama mimi apande wapi?

*Mama Asiye na Kaburi*

Dada yangu mpendwa, pole. Mwanao alifika kila mahali ulipofika. Alikuwa nawe sokoni, kazini, kwenye ngazi ulizopanda ukihema, na katika kiti ulichokalia ulipomhisi akicheza kwa mara ya kwanza. Kama ungeniuliza mimi, ningechagua mahali hapo pa mwisho, karibu na dirisha au kibaraza ulipokuwa umekaa siku ile, kwa sababu ndipo alipojitambulisha kwako. Chungu cha maua kinatosha. Tena kwa mtu anayeishi katika nyumba ya kupanga, chungu ni bora kuliko ardhi, kwa maana siku ya kuhama mnahama pamoja.

Wale wanaosema utapata mwingine wanataka kukufariji, lakini mtoto hawi badala ya mtoto. Huna wajibu wa kuwajibu. Ikikusaidia kujua kwamba huko peke yako, mwaka 1988 Rais Ronald Reagan wa Marekani aliutangaza mwezi wa Oktoba kuwa wa kuwakumbuka watoto waliofariki tumboni na wachanga, na siku hizi wazazi katika nchi nyingi huwasha mishumaa jioni ya tarehe 15 Oktoba.

Unaweza pia kuyapanga maua yachanue katika siku yenye maana kwako, iwe hiyo au ile ambayo ulitarajiwa kujifungua. Zinia zinafaa kwa kazi hii kwa sababu hukua upesi na hazina madeko: tangu kupanda mbegu hadi ua la kwanza ni siku 60 hadi 70 hivi. Hesabu kurudi nyuma kutoka tarehe uliyoichagua, uongeze juma moja au mawili ya akiba, na siku utakayofikia ndiyo ya kupanda, isipokuwa kama uko mahali penye majira ya baridi ya kugandisha, ambayo zinia haziyavumilii. Zinataka jua la kutosha, na maji yamwagwe kwenye shina wala si juu ya majani, maana majani yakilowa mara kwa mara huota ukungu mweupe.

Zinia huishi msimu mmoja tu, na pengine hilo litakutia wasiwasi, lakini mbegu zake ni rahisi sana kuhifadhi. Acha maua machache yakauke juu ya mmea wenyewe hadi kichwa kiwe cha kahawia na kikavu kabisa. Kivunje, ukipukuchue kiganjani, na utaona kwenye tako la petali zilizosinyaa vibegu bapa, vya rangi ya kijivu, vyenye umbo la ncha ya mshale. Vitandaze kivulini kwa siku chache, kisha uvitie katika bahasha ya karatasi, si mfuko wa plastiki, kwa kuwa plastiki hufungia unyevu na mbegu huoza. Andika mwaka juu ya bahasha. Ukipenda, andika na jina ulilokuwa umempangia.

Mheshimiwa Mshauri,

Mimi ni mwalimu. Mwanafunzi wetu mmoja amefariki, na wenzake wa darasani wanataka kumpandia bustani ndogo shuleni. Tuanzeje?

*Mwalimu wa Darasa*

Mwalimu, poleni nyote. Anzeni kwa wazazi. Hakuna kitu chenye jina la mtoto kinachopaswa kuwekwa hadharani kabla baba na mama hawajaulizwa, na wakisema wanataka maua bila jina, basi yawe maua bila jina. Wakikubali, waulizeni mtoto alipenda rangi gani, na wakaribisheni siku ya kupanda bila kuwalazimisha kuja.

Bustani za namna hii zina historia. Katika kijiji cha Aberfan, Wales, tarehe 21 Oktoba 1966, lundo la taka za mgodi wa makaa ya mawe liliporomoka juu ya shule na kuua watoto 116 na watu wazima 28. Pale shule ilipokuwa, leo kuna bustani ya kumbukumbu. Wengi wa watoto hao wamezikwa makaburini juu ya kilima, lakini mahali waliposomea hapakuachwa kuwa kifusi wala hapakujengwa kitu kingine, palipandwa.

Kwenu ninyi jambo la kwanza la kiufundi ni sumu. Oleanda huchanua vizuri na kuvumilia ukame, ndiyo maana hupandwa sana, lakini kila sehemu yake ni sumu. Vivyo hivyo brugmansia, ile yenye maua makubwa yanayoning'inia kama tarumbeta. Msizipande mahali penye watoto. Jambo la pili ni likizo: amueni kabla ya kuchimba ni nani atakayemwagilia maji shule ikifungwa, kwa sababu wanafunzi wakirudi na kukuta bustani imekauka watajilaumu, na hawastahili mzigo huo. Tandazeni majani makavu kuzunguka mashina ili kuhifadhi unyevu. Na kazi igawanywe kwa hiari. Yuko mtoto atakayetaka kupalilia kila siku, na yuko rafiki wa karibu wa marehemu ambaye hatataka kusogea pale kwa muda mrefu, huyo aachwe. Darasa hili likimaliza shule, wapokeeni wanafunzi wapya kwenye bustani kwa kuwaeleza kwa sentensi chache kwamba ni ya nani, kisha wapewe ndoo.

Ndugu Mshauri,

Mwili wa mdogo wetu ulichomwa, na familia inataka kutia majivu yake ndani ya shimo la kupandia mwaridi. Je, mmea utastawi?

*Kaka Mkubwa*

Pole, ndugu yangu. Ukiyamwaga yote shimoni, hautastawi. Majivu ya mwili yana alikali kali na chumvi nyingi, nayo huunguza mizizi michanga. Pandeni mwaridi kwanza katika udongo mzuri wenye mboji, muuache ushike kwa msimu mzima, kisha mchukue majivu kidogo, myachanganye na udongo na mboji nyingi kuyazidi mara nyingi, na kuutandaza mchanganyiko huo mbali kidogo na shina. Kiasi kinachobaki kinaweza kufukiwa kando, nje ya eneo la mizizi, au kugawanywa katika sehemu nyingine ambazo mdogo wenu alizipenda, baada ya kuomba ruhusa kwa wenye sehemu hizo. Majivu hayaharibiki yakikaa ndani ya chombo kikavu, kwa hiyo msiharakishwe na mtu. Fanyeni jambo hili wakati ambapo wanafamilia wote wanaotaka kuwapo wanaweza kufika.